Rafiki za Ayubu

Mtu mwema apatwapo na msiba, ulimi wa jirani hukimbilia sababu: yamkini alitenda ovu kwa siri. Neno hili hujivika ucha Mungu, lakini Biblia hailipokei. Elifazi, Bildadi na Sofari walipokwenda kumfariji Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila ya kusema, na huo ndio uliokuwa wema wao wote. Walipofumbua vinywa walimtetea Mungu kwa kumsingizia mgonjwa. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, wakaamriwa kumwendea yule yule aliyenung'unika, awaombee.

Kristo naye hakumtia hatiani kipofu wa tangu kuzaliwa, wala wazazi wake. Na watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hakuwahesabu kuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu.

Basi, kupunjwa kwa mwema hakuna sababu? Huenda iko, Ayubu hakupewa. Kondoo zake 7,000 wakawa 14,000, lakini watoto 10 waliouawa na tufani walifuatwa na wengine 10 tu. Wako wafasiri wasemao kuwa hesabu ilitimia, maana wale wa kwanza wangali hai mbele za Mungu. Ni fikira nzuri, ila kitabu hakikuisema, na mzazi aliyezika hahesabu hivyo.

Mkristo anaye Bwana aliyesulubiwa pasipo kosa, akauliza juu ya msalaba kwa nini ameachwa. Pale Golgotha hakujibiwa kwa maneno, wala hakuambiwa kuwa amekufuru.