Aliyeshika Ufunguo Ana Deni



Leo tutafakari swali gumu: mwanamke aliye gerezani akitaka kutoa mimba, serikali iliyomfunga ifanye nini?

Swali hili lilifika mahakamani katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 2005 wakuu wa magereza waliacha kuwapeleka wafungwa kutoa mimba, ila pale uhai au afya ya mama ilipokuwa hatarini. Walisema kila safari ya nje inahitaji askari, na ulinzi wa gereza unapungua. Mfungwa mmoja alishtaki, jina lake likafichwa. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa iliikataa amri ile. Majaji waliona kwamba mjamzito atakayebaki na mimba atatolewa nje mara nyingi zaidi, kwa kupimwa na kujifungua. Wakati huo haki ya kutoa mimba ilisimama juu ya hukumu ya mwaka 1973. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo, ikaachia kila jimbo liamue.

Sisi tunaamini mtoto aliye tumboni ni kazi ya mikono ya Mungu. Zaburi ya 139 inatufundisha hivyo, na wito wa Yeremia pia. Kwa hiyo mimba kutolewa kwetu ni huzuni, gerezani au nje. Hata hivyo, kuhesabu askari na safari si kutetea uhai.

Mfungwa hawezi kwenda mwenyewe kwa daktari. Uchungu ukimshika usiku, hawezi kumwita mama yake. Sisi tunaoomba kibali ili kutoka kambini tunalielewa jambo hili: anayekuzuia mlangoni amejitwika sehemu ya mzigo wako, apende asipende. Mwaka 1976 Mahakama hiyo ya Juu iliamua kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili.

Wengine watasema: alikosa, avumilie. Ndiyo, amehukumiwa kifungo. Lakini hakuhukumiwa kukosa tabibu, na mtoto wake hakuhukumiwa lolote. Ilikuwa Desemba 2018 tu ndipo sheria ilipokataza kuwafunga pingu wajawazito katika magereza ya serikali kuu ya Marekani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Gereza likimwambia mama azae, kisha likamfunga mnyororo akiwa na uchungu, limetetea uhai wa nani?

Msimamo wetu ni huu: anayesema "usitoe" amechukua deni. Adai pia chakula cha kutosha, mkunga, kujifungua bila minyororo, na mahali pa mtoto kulelewa. Katika Kutoka sura ya 1, Shifra na Pua waliokoa watoto wakiwa kando ya akina mama wanaozaa. Hawakusimama mbali na kuhukumu. Na katika Mathayo 25 Bwana haulizi mfungwa alifanya kosa gani. Anauliza nani alikwenda kumwona.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Binti akipata mimba, labda kwa kubakwa njiani au porini akitafuta kuni, na jamaa wakamfungia mlango, kanisa litamwambia nini kuhusu uhai? Neno letu litasikika tukilipeleka pamoja na unga, sabuni na nguo za mtoto.

Mungu awabariki na kuwatunza. Amina.