WAZO LA LEO: Tuwatunze wangali hai

Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa baharia William Hall mambo yalikwenda kinyume. Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mtoto wa wazazi weusi waliotoka utumwani, na mwaka 1852 akajiunga na Jeshi la Majini la Uingereza.

Novemba 1857, mabaharia wa meli ya HMS Shannon, Hall akiwemo, walikuwa nchi kavu, mjini Lucknow, India, wakipiga mizinga kwenye kuta za jengo la kaburi la Shah Najaf. Vilikuwa vita vya kuwarudisha chini ya utawala wa Uingereza watu walioukataa, na hilo tusilifiche. Hata hivyo, ujasiri wa Hall haukanushiki. Wenzake waliuawa au kujeruhiwa, akabaki yeye na Luteni Thomas Young, naye ana majeraha. Hawakuuacha mzinga hadi ukuta ukatoboka. Mwaka 1859 Hall alivishwa nishani ya ushujaa ya Victoria Cross, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Alistaafu 1876, akarudi nyumbani kulima. Alipofariki mwaka 1904, alizikwa bila heshima za kijeshi. Ni miaka ya 1940 ndipo mabaki yake yalipohamishiwa Hantsport na kujengewa mnara.

Mnara ni wa marehemu. Shukrani ni haki ya aliye hai. Mtaani kwako yupo askari, baharia au muuguzi mstaafu aliyetumikia kwa moyo wote. Mtembelee wiki hii, mshukuru kwa kinywa chako, na watoto wamsikie akisimulia.