Kabla Hujatusomea Kifungu

Mjukuu wangu, kaa. Jana kwenye kikao cha ukoo umetusomea kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hula matunda ya kibanja cha ukoo lakini hana ruhusa ya kukiuza, kisha ukafunga kitabu kana kwamba umetusomea Msahafu. Shangazi yako akanyamaza. Mabishano yamenichosha, ila hili nitakwambia polepole.

Aliyeyaandika hayo ni Hans Cory, mtu wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika kuchunguza desturi zetu. Yeye na Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Usimdharau, alijua kusikiliza. Lakini mjue na mwajiri wake. Gavana Donald Cameron alipoamua, miaka ya 1920, kututawala kupitia machifu, ofisi ilibidi ijue nani ni chifu halali, mahari ni kiasi gani, nani anarithi nini. Kule Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa Bruce Hutt walifanya jaribio kwa makubaliano haya: ofisa aulize, mtaalamu amjibu kuhusu Wahehe, sera asiiguse. Mhehe mwenyewe hakupewa zamu ya kuuliza.

Sisemi kuna aliyedanganya. Walioitwa kueleza mila walikuwa machifu na wazee wa baraza, wanaume wenye ng'ombe na vibanja vyao. Ungetegemea waseme nini kuhusu binti? Jambo ambalo ukoo ulikuwa unalijadili upya kila msiba, huyu akibembeleza, yule akilegeza, likapewa namba ya kifungu. Tangu hapo likaacha kubembelezeka.

Na tusimsingizie Mwingereza yote. Mwaka 1963, bendera ikiwa yetu, serikali yetu ilitangaza sheria za mila zilizojengwa juu ya kazi ya Cory. Kifungu cha 20 ulichotusomea kimo humo. Mbona hukutusomea na kesi ya Kagera? Mwanamke alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, mtoto wa ndugu yake akashtaki. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumbagua mwanamke hivyo kunapingana na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Wewe umesomea sheria, mimi nimeishia darasa la nne, halafu mimi ndiye nikukumbushe?

Msome Cory, anayo mengi ambayo sisi tumeshayasahau. Ila kila ukurasa ujiulize nani aliulizwa, nani alibaki jikoni.

Kikao kinaendelea Jumamosi. Kabla ya hapo nenda kwa shangazi yako, umuulize marehemu kaka yangu alimwambia nini siku anamkabidhi kibanja tunachokibishania. Mwache amalize. Wapo pia majirani wawili walioshuhudia, na mmoja anaumwa, kwa hiyo anza na yeye.