"MBONA JANA ULIWEZA?"



 Leo tunapenda kuzungumza nawe juu ya jambo lililomo ndani ya safu zetu kila Ijumaa, lakini hatulisemi kwa sauti. Ni habari ya mtu anayeumwa nyonga, pale paja linapoungana na kiuno. Jumatano ulimwona anakwenda soko kwa miguu yake, anaongea na watu. Ijumaa unamkuta ameketi juu ya kiti mwisho wa safu, wenzake wamesimama. Hana kidonda, hana bandeji. Moyo wako unakuambia: huyu anajifanya. Unamnong'oneza jirani, jirani naye anamnong'oneza mwingine, na maneno yanatangulia kufika nyumbani kwa mgonjwa kabla yeye mwenyewe hajafika.

Basi swali letu ni hili: mtu akisema anaumwa, nasi hatuoni kitu, na jana alikuwa akitembea, je, tuna haki ya kumdai ushahidi?

Kwanza tuyafahamu maradhi yenyewe. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kilichoingia ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kati yake kuna gegedu laini inayofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Gegedu hiyo huchakaa kwa umri, kwa kuumia zamani, na kwa mizigo mizito ya miaka mingi. Mizigo hiyo sisi tunaijua: magunia ya mpunga na mihogo, kinga inayosukumwa katika matope ya njia ya Kasongo, na mawe yanayotolewa katika mashimo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila.

Kwa kijana, sababu inaweza kuwa nyingine. Mwenye damu ya SS, chembe za damu yake hupinda na kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa ukikosa damu, hufa polepole. Vidonge vya deksametazone, ambavyo wengine wanameza bila mganga ili wanenepe, navyo vikitumiwa muda mrefu vinaweza kuleta balaa hilo hilo. Kwa hiyo kijana akianza kuchechemea, apelekwe hospitali akapimwe damu na mfupa. Tusimtafute bibi kizee wa kumsingizia uchawi.

Na maumivu haya yana tabia ya kugeuka. Leo mtu anapanda kilima, kesho hawezi kuinama kuvaa kiatu. Pengine ni kazi ya jana inayomdai, pengine ni kuketi muda mrefu, na pengine hata yeye mwenyewe haijui sababu. Tena maumivu ya nyonga husikika mahali pengine: kwenye kinena, kwenye paja, hata kwenye goti. Akikuambia jana ni kinena na leo ni goti, usiseme amebadili maneno. Nyonga ni ile ile moja.

Mwaka 1870 mzungu Livingstone alikaa hapa kwetu Kabambare miezi mingi, ameshindwa kuendelea na safari kwa sababu ya vidonda vya miguu. Vidonda vile kila mtu aliweza kuvitazama. Lakini maumivu ya ndani ya mfupa nani atayatazama? Jicho halikupewa kazi hiyo. Anayeyajua ni mwenye mwili, na juu yake Mwenyezi Mungu aliyemuumba.

Pili, tutazame namna sharia yetu ilivyomtendea mgonjwa. Swahaba Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala yake. Akafundishwa aswali wima, asipoweza, aketi, asipoweza, alale ubavu. Hakuambiwa alete mashahidi wawili. Kipimo cha kuweza na kutoweza kiliachwa mikononi mwake, kama amana.

Tena wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamefundisha kwamba aliyeanza swala amesimama, akazidiwa, ataketi na kuendelea. Na aliyeanza ameketi, akapata nafuu, atasimama na kuendelea, wala haanzi upya. Tafakari hapo, ndugu yangu. Sharia imekubali kwamba hali ya mtu yaweza kugeuka ndani ya swala moja, kati ya rakaa na rakaa. Saumu ya Ramadhani nayo ni vivyo hivyo: mgonjwa huhesabiwa siku zake, aliyopata nguvu anafunga, aliyoshindwa atailipa. Ikiwa Mola anampima mja wake kwa saa aliyo nayo, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumpima Ijumaa kwa nguvu za Jumatano?

Utasema: "Lakini wako watu wavivu na waongo." Ni kweli, wako. Basi tupime hasara mbili. Ukimsadiki mwongo, umepoteza kiti kimoja na msaada mdogo, na uongo wake atauulizwa yeye mbele ya Mola wake. Ukimkanusha mkweli, umemwongezea aibu juu ya maumivu, umemvunjia heshima mbele za watu, na deni hilo ni la haki ya mja. Halifutiki mpaka umwombe radhi. Mwenye akili anaikimbia hasara ipi?

Na madhara hayaishii hapo. Mgonjwa anayedhaniwa vibaya huanza kuiogopa siku yake njema. Anajifungia ndani asionekane akitembea, asije akaulizwa kesho. Mwingine anasimama kwa nguvu kwa kuona haya, anarudi nyumbani akibebwa. Wa tatu anaacha kabisa kuja msikitini. Sisi ndio tuliomfukuza, kwa jicho tu.

Nawe mume, jambo hili limo hata ndani ya nyumba yako. Mke wako jana alitwanga, leo hawezi kuinama penye moto. Usimwambie: "Mbona jana uliweza?" Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini ni zito kuliko gunia. Muulize: "Leo unaweza nini?" Kisha chukua ndoo ukateke maji.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Asiongeze maumivu, wala asiyafiche. Aseme wazi: leo naweza hiki, kile siwezi. Siku akipata nguvu aitumie bila kuogopa watu, lakini asiimalize yote kwa kazi, akalala siku tatu. Anayeweza kusimama lakini hawezi kuinama, asimame, aashirie rukuu akiwa wima kadiri awezavyo, kisha aketi na kuashiria sijda, sijda iwe chini zaidi ya rukuu. Fimbo aishike kwa mkono wa upande usiouma, hapo nyonga itapata nafuu. Vidonge vya maumivu asivimeze kila siku bila mganga, kwani baadhi yake huharibu tumbo na figo. Na maumivu yakija pamoja na homa, au akianguka na mguu ukakataa kukanyaga, asingoje. Aende hospitali upesi. Wala asidhani ameadhibiwa: Nabii Ayyub (A.S.) aliugua sana, naye alikuwa mpenzi wa Mola wake.

Kwa hiyo Ijumaa hii, ukiona kiti mwisho wa safu, kipishe nafasi, toa salamu, na uuache ulimi wako upumzike. Huenda kesho kiti hicho kikawa chako.

Ee Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaoumwa bila kuonekana, na utusamehe dhana mbaya tulizowadhania ndugu zetu. Amin.

Ukimaliza kusoma mpe mwenzio. Karatasi hii isitupwe chini wala kufungia karanga, ina jina la Mwenyezi Mungu.