Gharama ya Wasia wa Aliye Mbali

Wahenga waliacha semi mbili ambazo hazikai chumba kimoja kwa amani. Ya kwanza yasema: asiyekuwapo na lake halipo. Ya pili yasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ile ya kwanza humwonya msafiri kwamba haki yake hulindwa na kuwapo kwake, na siku atakapoondoka huenda ikaondoka naye. Ile ya pili humliwaza kwamba kipo kitu kiwezacho kukaa mahali pake, nacho ni maandishi. Wasia wa mtu aishiye ughaibuni umesimama katikati ya semi hizi. Je, karatasi yaweza kushika nafasi ya mtu? Na kama yaweza, ni kwa gharama gani, na gharama hiyo humwangukia nani?

Msomaji wa pwani aliujua wasia kabla ya kumjua wakili. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858 hali akiwa mgonjwa, alimwachia maneno ya kuishi nayo. Hiyo ndiyo maana iliyotangulia katika ushairi: nasaha ya anayeondoka kwa anayebaki. Maana nyingine, ile ya mahakamani, ambayo bara huandikwa zaidi kwa sura ya wosia, ni agizo juu ya mali baada ya kifo. Maana hizi mbili hukaa katika neno moja, na pana busara ndani yake. Mali ikigawiwa pasi na neno, wanaobaki hupokea kitu wasichojua kwa nini wamepewa, au hukosa kitu wasichojua kwa nini wamenyimwa.

Milima ya Usambara ni mahali pafaapo kulipimia swali hili, kwani huko mali ni ardhi, na ardhi yenyewe ni ya mteremko. Kutoka Mombo barabara hupanda kupitia Soni hadi Lushoto, na kando yake mashamba yameshikilia ubavu wa mlima: mahindi, maharage, migomba, kahawa, mboga za kupeleka sokoni. Shamba la namna hii halimsubiri mwenyewe. Masika yakilikuta halina matuta wala majani ya kuzuia maji, udongo wake hushuka bondeni. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwa mpango ulioanza mwaka 1946. Wananchi wakaupinga hata ukaachwa mwaka 1957. Amri iliondoka, lakini tabia ya udongo haikubadilika. Kila mwaka lazima pawe na mtu mwenye jembe, ama sivyo pasibaki cha kurithiwa.

Na chukulia sasa mtu wa Mlalo aliyekaa London miaka 30. Ana nyumba ya kupanga au ya kununua huko, ana watoto waliozaliwa huko, na huko Mlalo ana mashamba mawili aliyopewa na baba yake. Dada yake hakuondoka. Ndiye aliyemuuguza mama, ndiye aliyerudishia matuta kila masika, ilhali kaka alituma fedha za mbegu, za dawa na za mabati. Mtu huyu amefika umri wa kufikiria mauti, naye ataka kuandika wasia.

Gharama ya kwanza ni ya fedha. Uingereza, sheria ya mwaka 1837 yataka wasia uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, nao watie saini zao. Wakili hulipwa ada yake. Mwenye wasia akisha kufa, watekelezaji huomba idhini ya mahakama. Ada ya ombi hilo ilipandishwa mwaka 2024 kutoka pauni 273 hadi pauni 300. Ipo pia kodi ya mirathi, asilimia 40 ya kile kinachozidi pauni 325,000, ingawa ipo misamaha yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, aliyekaa nchini humo miaka 10 katika 20 iliyopita huhesabiwa mali yake ya dunia nzima, hata shamba la Mlalo. Wengi hawafikii kiwango hicho, lakini ni vyema wakajua kwamba hesabu huanzia Thames na kuishia Usambara.

Wala si fedha tu. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Saini ya London haitoshi kuhamisha shamba la Lushoto. Wasia wa Kiingereza aghalabu huanza kwa kifungu kinachofuta wasia zote zilizotangulia, na mtu aliyekwisha kuandika wasia nyumbani aweza kuufuta kwa mstari mmoja asiousoma vizuri. Kisha lipo suala la uraia. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2025 ulifunguliwa mlango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia mwingine, nao una masharti yake. Kwa hiyo baba aweza kumwandikia mwanawe wa London shamba ambalo mwana huyo atahangaika kulipokea.

Gharama hizi zote zina stakabadhi. Iliyo nzito zaidi haina, nayo ni gharama ya mashahidi.

Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linaruhusu wasia wa mdomo, lakini lataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wasia wa maandishi wahitaji mashahidi wawili ikiwa mwenye wasia ajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua ahitaji wanne. Atakaye kumnyima mrithi hana budi kutaja sababu, na mrithi hupewa nafasi ya kujitetea. Mojawapo ya sababu zinazokubaliwa ni kumtelekeza mwenye wasia katika njaa au ugonjwa. Upande wa dini, Mwislamu, nao ni wengi Lushoto, hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, wala kumuusia mrithi wake wa haki bila ridhaa ya warithi wengine.

Ukizitazama kanuni hizi kwa haraka utaona vizuizi vitupu. Ukizitazama kwa utulivu utaona kwamba zote zataka jambo moja: anayeagiza akutane na wanaoagiziwa. Shahidi wa ukoo huchukua neno na kulirudisha kwenye kaya, aulizwe, abishiwe, athibitishe. Shahidi wa nje huzuia ukoo usijisemee peke yake. Mashahidi wa London huthibitisha kwamba mkono ulioandika ni wa mtu fulani. Hawajui dada ni nani. Aliye mbali aweza kuinunua saini yao. Ushahidi wa Mlalo hauuzwi, hupatikana kwa kwenda.

Hapa yafaa kusikiliza upande wa pili, nao una hoja ya kweli. Kukutana na ukoo si heri kwa kila mtu. Tamko lilelile la mwaka 1963 liliwaweka mabinti katika daraja la tatu na la mwisho la warithi. Mtu aliyeona duniani mengine akataka kumpa dada yake au binti yake shamba zima, akienda kulisema mbele ya wajomba na baba wadogo, atashinikizwa mpaka alegee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini sheria iko kwenye kitabu na wajomba wako barazani. Basi wasia wa siri, ulioandikwa mbali na kufungiwa kabatini, waweza kuwa ngao ya mnyonge. Kwa nini mtu aifunue ngao kabla ya vita?

Hoja hii haina budi kujibiwa kwa kumtazama huyo mnyonge mwenyewe siku wasia unapofunguliwa. Mwenye wasia amelala kaburini, pengine nchi ya baridi. Dada ameshika karatasi ya Kiingereza yenye jina lake. Ukoo unasikia habari kwa mara ya kwanza, na mtu pekee wa kulaumiwa aliye hai ni yeye. Ataambiwa alimlaghai kaka kwa simu. Ataenda mahakamani, atafute mkalimani, alipe nauli za mashahidi, apoteze masika mawili. Kaka alikwepa saa moja ya maneno makali barazani, na dada akalipa kwa miaka. Ngao ile ilikuwa ya kaka, ilimkinga na aibu ya kubishana na wazee wake. Aliyeachiwa vita ni dada.

Huo ndio moyo wa jambo hili. Wasia hauepuki gharama, ila huwezekana kumhamishia mtu mwingine. Asiyeandika kabisa huwahamishia wote waliobaki. Aandikaye kwa siri humhamishia yule yule aliyekusudia kumfadhili. Aandikaye kwa haraka, kwa kufuata ruwaza ya kigeni, huihamishia mahakama ya nyumbani na mifuko ya watoto wake. Mwadilifu ni yule anayelipa mwenyewe, angali hai, katika sarafu inayotakiwa. Na mara nyingi sarafu hiyo ni kuwapo.

Usambara yaijua hasara ya agizo lisilo na walinzi. Habari za Wakilindi, alizoziandika Sheikh Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, huanza na mtu aliyenyimwa urithi: Mbegha, aliyeota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, jamaa zake wa Unguu wakamkatalia fungu lake. Akaondoka, akawa mgeni, akapata nchi nzima kwa kuwagawia nyama watu wasio ndugu zake. Na vizazi baadaye, alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki. Mjukuu akafukuzwa Vuga, Wabondei wakaasi, watu wakauzwa utumwani. Wasambaa wana neno kwa hali hiyo: nguvu kwa nguvu. Nguvu mbili zikishindana juu ya nchi moja, wasema, huko ni kubana shi, kuiharibu nchi. Nguvu moja ikitulia, huwezekana kuzifya shi, kuiponya. Wasia mbili juu ya shamba moja, mmoja wa karatasi na mmoja wa desturi, ni nguvu kwa nguvu katika kipimo cha kaya. Udongo hushuka vilevile wakati wenyewe wakingoja hukumu.

Si hoja kwamba aliye mbali hana haki. Fedha alizotuma ni jasho pia, na mwana wa nchi hapotezi baba yake kwa kupanda ndege. Wala si hoja kwamba aliyebaki apewe kila kitu kwa kuwa alibaki. Wengine hubaki kwa kukosa nauli. Ila jembe la miaka 30 lina neno lake, na wasia usiolitaja una upungufu hata kama saini zake zimekamilika. Wala dada hahitaji sifa. Ahitaji kutajwa katika hesabu: fedha zilitoka huku, mikono ilitoka huku, na kwa sababu hii shamba la juu ni lake.

Njia yenyewe haina siri. Mambo ya ng'ambo yaandikwe ng'ambo, na wakili aambiwe waziwazi kwamba kipo kingine nyumbani asije akakifuta. Mambo ya Lushoto yaandikwe kwa sheria ya Tanzania, kwa Kiswahili ambacho dada na hakimu watakisoma bila mkalimani, na nakala ihifadhiwe. Wakala wa serikali, RITA, hupokea wasia na kuzitunza. Na nauli ya kwenda Mlalo ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama ya wasia, si ya likizo. Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ambako hufunzwa watumishi wa mahakama ambao baadhi yao watakutana na majalada ya mirathi kwa maisha yao yote. Majalada hayo yangepungua kama kila aliye mbali angekaa barazani jioni moja, mbele ya wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, akasema lile ambalo angependa lisomwe akiwa hayupo.

Atabishiwa. Huenda mjomba akainuka akaondoka kabla ya kahawa. Huenda mwenye wasia akagundua kwamba alilolipanga London halikuwa haki, akalibadilisha. Kalamu bado iko mkononi mwake, na dada, aliyeketi mlangoni akisikiliza, aweza kumwuliza sababu naye akajibu.