Nilipogeuka Nyuma Ndotoni



Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi wetu tunanong'onezana tu baada ya jumuiya: ndoto za kutisha. Zile zinazomfanya mtu mzima wa miaka 23 alale na taa inawaka. Mimi nimelala hivyo karibu mwaka mzima, kwa hiyo hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Yangu ilikuwa hivi. Niko kwenye korido ya shule niliyosoma, ni usiku. Simu inaita darasani. Naingia, simu haipo, inaita darasa linalofuata. Halafu nasikia hatua za mtu nyuma yangu. Simwoni. Nakimbia, miguu mizito kama nimefungwa mawe, mpaka nashtuka shuka limelowa jasho.

Mama alisema nimekabwa na jinamizi, akaninyunyizia maji ya baraka. Jirani yeye akaleta namba ya mtu "anayesoma ndoto" kwa malipo. Namshukuru Mungu Mama alikataa pale pale mlangoni, kwa heshima lakini alikataa. Katekisimu, namba 2116, inatuambia tuukatae uaguzi wa kila namna. Kwa hiyo na wewe usinitafute kuniuliza ndoto ya nyoka ina maana gani!

Baadaye nikasoma kuhusu kujijua ndani ya ndoto. Yaani umelala, ndoto inaendelea, lakini unajua kabisa kwamba unaota. Nikaogopa: huu si uchawi kweli? Kumbe kisa kimojawapo cha zamani sana cha jambo hili kimeandikwa na Mtakatifu Augustino mwenyewe, katika barua yake kwa Askofu Evodio, mwanzoni mwa karne ya 5.

Anamsimulia tabibu mmoja wa Karthago, Genadio, mtu mwenye huruma sana kwa maskini, ambaye ujanani alikuwa na shaka kama kuna uhai baada ya kifo. Usiku mmoja aliota kijana mzuri akimpeleka kwenye mji wenye nyimbo tamu kuliko zote alizowahi kusikia. Akaamka, akasema ni ndoto tu. Usiku mwingine kijana yule akarudi, akamuuliza: uliniona wapi? Usingizini, akajibu. Kijana akamwambia, hata sasa unaniona usingizini. Mwili wako uko wapi? Kitandani kwangu. Macho yako je, si yamefumbwa? Yamefumbwa. Basi hayo unayonionea ni macho gani?

Genadio akakosa jibu. Kijana akamweleza kwamba, kama anavyoona sasa macho ya mwili yakiwa yamefumbwa, ndivyo atakavyoishi na kuona baada ya kufa, na asiwe na shaka tena. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika kwamba wakati mwingine mtu aliyelala anaweza kutambua kuwa anachokiona ni ndoto. Kwa hiyo siyo uchawi, ni akili ileile aliyotupa Mungu, imeamka kidogo kabla ya mwili.

Namna ya kujizoeza ni rahisi kueleza, ila inataka uvumilivu. Weka daftari karibu na kitanda, andika ndoto mara tu unapoamka. Mchana jiulize kwa dhati mara kadhaa, "Hivi naota?", na usome maandishi fulani mara mbili, maana ndotoni maandishi hubadilikabadilika. Kabla ya kulala, kusudia kutambua ndoto itakapokuja. Mimi niliyaunganisha haya na sala ya usiku. Wimbo wa kale wa sala hiyo, *Te lucis ante terminum*, unaomba waziwazi ndoto mbaya na vivuli vya usiku viondoke, kwa hiyo tatizo letu siyo jipya. Lakini usijinyime usingizi kwa ajili ya mazoezi. Na kama ndoto zako zinatokana na kubakwa, kupigwa au ajali, tafadhali nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Kuna tiba ambayo mtu huandika upya mwisho wa ndoto yake akiwa macho na kuurudia kichwani kila siku, na inawasaidia wengi.

Ilinichukua kama wiki sita. Usiku ule niko koridoni, nikatazama namba ya darasa mlangoni: 4. Nikatazama tena: haisomeki. Nikajua. Moyo unadunda, hatua zinakuja, na kwa mara ya kwanza sikukimbia. Nilifanya ishara ya msalaba, nikageuka.

Alikuwa kaka yangu.

Sasa niwaambie nilichowaficha hapo juu. Usiku aliopata ajali ya bodaboda, kaka alinipigia simu. Niliona jina lake nikaigeuza simu kifudifudi, nikijua anataka kukopa tena. Asubuhi tukaletewa habari. Sijui alitaka kusema nini. Ndotoni nilimwambia, "Kaka, nisamehe." Hakujibu kitu, alisimama tu. Niliamka nalia, lakini siyo kwa hofu.

Mtakatifu Teresia wa Lisieux anasimulia ndoto ya utotoni mwake: aliona mashetani wawili wadogo wakicheza juu ya pipa bustanini, nao walipomwona wakakimbia kujificha. Akawafuata achungulie dirishani, wakazidi kuhangaika. Aliona humo kwamba roho iliyo katika neema haina sababu ya kuwaogopa. Mimi nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo nikapenda sehemu ya kukimbia kwa mashetani. Neno "neema" nililiruka.

Padre ndiye alinirudisha hapo. Nilimsimulia yote nikidhani nimemaliza kazi. Akaniambia, "Mwanangu, usiku umemwomba msamaha kaka wa ndotoni. Hofu imeondoka, vizuri. Lakini ndoto siyo sakramenti. Lini utaungama?" Nilikuwa na miezi kumi na minne sijaenda kitubio, maana ningelazimika kuisema ile simu kwa sauti.

Nilienda Jumamosi iliyofuata. Dakika saba hivi.

Simu bado inaita ndotoni, mara mojamoja. Taa huwa nazima. Na wewe usomaye hapa, kwenye rozari yako ya leo mweke na kaka yangu.