Kisima cha Yusuf na Jeraha la Utotoni



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekua yatima akawahurumia mayatima.

Ndugu zangu katika imani, hapa chuoni kila mmoja anamjua mwenzetu anayewaka kwa neno dogo tu. Anagombana, kisha anajuta peke yake. Sisi twasema: "Hana subira, imani yake dhaifu." Mimi naomba tusiharakishe kuhukumu.

Wataalamu wanaeleza kwamba mtoto anayekua katika vipigo, njaa au milio ya risasi, mwili wake huzoea kukaa katika tahadhari. Sehemu ya ubongo inayotambua hatari huwa nyepesi kushtuka. Ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotuzuia kabla hatujatenda, hupata taabu kuituliza. Nayo huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu, yaani umri wetu huu. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, wangapi kati yetu walikimbia usiku wakiwa migongoni mwa mama zao?

Je, basi mtu huyo hana dhima? Hasha! Mtazameni Nabii Yusuf (A.S.). Akiwa mtoto ndugu zake walimtupa kisimani, akauzwa kwa thamani duni. Alipokua, mke wa bwana wake alifunga milango na kumtaka. Yusuf hakuzitegemea nguvu zake. Alikimbilia mlangoni, na baadaye akamwomba Mola wake amwepushe na vitimbi vya wanawake wale, akikiri kwamba bila msaada Wake angeelemea kwao. Na ndugu zake walipokuwa chini ya mamlaka yake, aliwasamehe. Hakulifanya jeraha kuwa udhuru, wala hakulibeba peke yake.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye hasira aliyesimama akae, na isipoondoka alale. Hapo moyo hupata muda wa kutulia kabla ya mkono kutenda. Basi mwenzako akiwaka, usimchochee. Mpe nafasi akae, kisha msikilize. Nawe mwenye jeraha, dua isikuzuie kumwendea mshauri nasaha au daktari. Mtume wetu ametuamrisha tutafute tiba.

Ewe Mola, ziponye nyoyo zetu, na utujaalie kuwalea watoto wetu kwa rehma. Amin.

Wabillahi tawfiq.